Bastola Ndogo Inapokwama: Kosa la Risasi au Kosa la Bastola?

Kijana mmoja wa Kigoma, ambaye hukutana nami Jumamosi kwenye uwanja wa shabaha hapa Fort Worth, Texas, alinijia mwezi wa tano akiwa amekunja uso. "Kaka, nimeuziwa bastola mbovu," akasema. Kila asubuhi akipakia, slaidi, kile chuma cha juu kinachokwenda nyuma na mbele, inaishia njiani, mpaka aisukume kwa kiganja ndipo ifunge. Bastola yenyewe ni ile ndogo ya kuvaa kiunoni chini ya shati, mtutu wa inchi 3 na kidogo, na haikuwa imemaliza hata mwaka.

Sikuigusa bastola. Nilimwomba ile risasi iliyogoma, na nyingine mpya kutoka boksi lile lile, nikazisimamisha mezani bega kwa bega. Hapakuhitajika kipimo. Kichwa cha ile iliyogoma kilikuwa kimezama ndani ya ganda, ikawa fupi kuliko mwenzake kwa unene wa kucha, na kwenye midomo ya lile tundu lililo puani mwa risasi palikuwa na mikwaruzo juu ya mikwaruzo. Kijana ana watoto wadogo wawili. Kila usiku huitoa risasi ya kwenye chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi, na kila asubuhi huirudisha ile ile. Amefanya hivyo tangu Januari.

Nimeona mambo ya namna hii mara nyingi mno, na ndiyo maana naandika. Mtu anasoma sifa za risasi fulani, ananunua boksi moja la bei kali, anapakia, anaivaa, na hajawahi kufyatua hata moja kati ya hizo. Siku anapoonja shida anailaumu bastola, au anakimbilia boksi la kampuni nyingine. Risasi inayofaa kujilindia ni ile iliyokwisha kufanya kazi ndani ya bastola yako wewe, kwa magazini zako wewe (vile visanduku vinavyobeba risasi), mkononi mwako. Nyingine zote, hata ziwe na jina kubwa namna gani, bado ni risasi za kujaribiwa.

Kabla ya kutafuta kosa

Kwanza sheria, maana wapo ndugu zetu wanaoingia matatani kwa kutojua. Kwa sheria ya shirikisho ya Marekani, mwenye viza ya muda, ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki bunduki wala risasi, isipokuwa kwa vighairi vichache kama leseni halali ya uwindaji. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kama raia, mradi hana kizuizi kingine. Majimbo nayo yana yao. Texas iliondoa sharti la kibali cha kubeba bastola kwa watu wengi wa miaka 21 na zaidi kuanzia Septemba 1, 2021. New Jersey kwa upande wake ina vizuizi maalumu juu ya risasi zenye tundu kichwani, zile zile zinazouzwa Texas kama njugu. Uliza jimbo lako kabla hujanunua.

Na unapofunga begi la kwenda nyumbani, iwe Nairobi, Dar es Salaam au Bujumbura, likung'ute mpaka mfuko wa mwisho. Usitumie begi la uwanja wa shabaha kama begi la safari. Risasi moja iliyojificha kwenye mshono inatosha kukulaza kituoni.

Pili, uchunguzi wote ufanyike mtutu ukiwa umeelekea mahali salama, kidole nje ya kifyatulio, na majaribio ya kufyatua yafanyike uwanjani. Ziandike magazini zako namba kwa kalamu ya wino mzito: 1, 2, 3. Kisha badilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Ukibadilisha risasi, magazini na mafuta siku moja, bastola ikapona, hutajua dawa ilikuwa ipi.

Kwa nini bastola ndogo husumbua kuliko kubwa

Glock 19, bastola kubwa kiasi, ina mtutu wa milimita 102. SIG P365, bastola ndogo iliyotoka mwaka 2018, ina mtutu wa inchi 3.1, yaani karibu milimita 79. Slaidi fupi ni nyepesi, inarudi nyuma kwa kasi, na safari yake ni fupi. Springi nayo imefanywa ngumu ili kuizuia. Magazini ina sehemu ndogo sana ya sekunde ya kuinua risasi inayofuata kabla slaidi haijarudi kuichukua. Bastola kubwa husamehe risasi hafifu, mkono legevu na magazini iliyochoka. Ndogo haina nafasi ya kusamehe. Kwa hiyo risasi iliyomfaa rafiki yako mwenye bastola ya inchi 5 haikuambii lolote kuhusu yako.

Dalili: kichwa cha risasi kinajigonga, hakiingii chemba

Slaidi imekwama nusu ya njia, na ukichungulia unaona kichwa cha risasi kimejikita kwenye ule mteremko ulio chini ya mdomo wa chemba, au kimeinuka juu kama mtu anayetazama dari.

Kikijikita chini, mara nyingi ni magazini. Springi yake imechoka, imejaa vumbi la mfukoni, au magazini haikusukumwa mpaka ikalia. Jaribu risasi zile zile kwa magazini namba 2. Tatizo likibaki na namba 1 peke yake, umempata mhalifu, na suluhisho ni springi mpya au magazini mpya. Nisingependa mtu aipige koleo midomo ya magazini ili "kuinyoosha". Kwa magazini ya mazoezi ni juu yako, ya kuvaa hapana.

Tatizo likihama na risasi, yaani magazini zote zinakwama na aina hiyo moja tu, tazama umbo la kichwa. Risasi za mazoezi zina kichwa cha duara kilichovikwa shaba mpaka mbele, nacho huteleza kama kokwa ya embe. Risasi za kujilinda zina tundu mbele, na nyingine tundu hilo ni pana, lenye ukingo mkali. Ukingo huo ukigota kwenye mteremko, hapo ndipo inaposimama. Hornady, kwenye risasi zake za Critical Defense, huziba tundu kwa kipande laini cha plastiki nyekundu. Kazi yake kubwa ni kuzuia nguo isizibe tundu, lakini pia huipa risasi pua iliyochongoka kidogo, na bastola nyingine ndogo zinaipenda kwa sababu hiyo. Federal HST na Speer Gold Dot, risasi za kujilinda za viwanda vingine, nazo huingia vizuri katika bastola nyingi za kisasa. Nasema nyingi. Yako ijaribu.

Dalili: slaidi inakaribia kufunga, inabaki uwazi wa kucha

Hapa mtu husukuma kwa kiganja na kuendelea. Acha. Toa risasi hiyo uitazame.

Kosa la kwanza ni la mkono: unairudisha slaidi taratibu huku umeishikilia, kana kwamba unafunga mlango wa chumba cha mtoto aliyelala. Slaidi imetengenezwa ifungwe kwa nguvu ya springi. Ivute mpaka mwisho, iachie.

Kosa la pili ni uchafu wa chemba au springi kuu iliyochoka. Springi za bastola ndogo hufanya kazi kubwa kwa mwili mdogo, na hubadilishwa mapema kuliko za bastola kubwa. Soma kitabu cha bastola yako kinasema nini.

Kosa la tatu ni la risasi yenyewe: ndefu kupita kiasi, au ganda lake limevimba. Lipo jaribio rahisi lisilohitaji chombo. Hakikisha bastola haina kitu, ifungue, toa mtutu, ushike chemba ikitazama juu. Dondosha risasi ndani. Inatakiwa itue kwa sauti kavu, "tok", izunguke ukiigusa kwa ncha ya kidole, na ukiupindua mtutu idondoke yenyewe bila kubembelezwa. Ikinata, risasi hiyo na bastola hiyo hazipatani. Kwa risasi za mm 9 Luger, ganda lina urefu wa milimita 19.15 na risasi nzima haitakiwi kuzidi milimita 29.69. Viwanda vikubwa hukaa ndani ya vipimo hivyo. Ukikuta zinazonata, mara nyingi ni zile zilizojazwa upya nyumbani kwa mtu. Za namna hiyo sizikatai kwa mazoezi ikiwa namjua aliyezijaza, lakini kiunoni sizivai.

Dalili: kichwa kimezama ndani ya ganda

Hii ndiyo ya kijana wa Kigoma, na nitakaa hapa kidogo, kwa sababu ni kosa la watu waangalifu. Mtu asiyejali huiacha bastola imepakiwa miezi. Anayejali watoto wake huitoa risasi kila jioni, na asubuhi huirudisha. Kila mara slaidi inapoisukuma risasi kutoka magazini kwenda chemba, pua yake inagonga mteremko. Pigo moja halina neno. Mapigo mia yanakisukuma kichwa ndani kidogo kidogo, kama msumari unaogongwa kwa kijiko.

Dalili ya kwanza ni risasi kuanza kukwama, kwa kuwa ni fupi na pua yake haifiki pale ilipokusudiwa. Hatari kubwa iko nyuma yake: baruti imebanwa kwenye nafasi ndogo zaidi, na nafasi ikipungua shinikizo linapanda. Risasi ya kawaida ya mm 9 imewekewa ukomo wa shinikizo wa 35,000 kwa kipimo cha pauni kwa inchi ya mraba, na ile yenye alama +P, iliyojazwa nguvu zaidi, imewekewa 38,500. Kichwa kilichozama kinaweza kuuvuka ukomo huo bila kukuonyesha dalili nyingine, na ganda likapasuka ndani ya mkono wako. Isitoshe, kugongwa-gongwa huko kunaweza kuidhuru fataki, ile sahani ndogo nyuma ya ganda inayowasha baruti, siku ya siku ikatoa mlio wa "tik" peke yake.

Dawa si ghali. Weka risasi moja mpya kutoka boksi hilo kama kielelezo, usiipakie kamwe. Kila wiki simamisha risasi yako ya chemba kando ya kielelezo juu ya meza tambarare. Ukiwa na kalipa, kile kipimo cha urefu mdogo, pima. Mimi nikiona imepungua robo ya milimita, haipandi tena bastolani. Usijaribu kuivuta irudi, na usiipige uwanjani "ili isipotee bure".

Halafu badilisha mazoea. Sanduku dogo la chuma lenye kufuli la namba huiweka bastola iliyopakiwa mbali na watoto bila kuigusa risasi ya chemba. Kama ni lazima uitoe, risasi iliyotoka iende chini kabisa ya magazini na ya juu ipande, ili mapigo yagawanywe. Hata hivyo ziwekee ukomo. Mimi risasi iliyopanda chemba mara tatu naipeleka kwenye kopo la mazoezi ikiwa urefu wake haujabadilika.

Dalili: umefyatua, ikalia "tik"

Usiifungue. Shikilia mtutu kuelekea shabaha na uhesabu mpaka 30, kwa sababu zipo fataki zinazochelewa kuwaka. Hii ni kwa uwanjani. Kisha itoe na usome fataki kama unavyosoma muhuri.

Alama ya pini, ule msumari wa bastola unaogonga fataki, ikiwa ya kina, katikati, safi, basi pini ilifanya kazi yake na fataki ndiyo iliyokataa. Hilo ni kosa la risasi. Andika namba ya toleo iliyopigwa ndani ya kifuniko cha boksi. Moja kati ya mia kadhaa za risasi rahisi za mazoezi hainishangazi. Moja kati ya risasi za kujilinda inanifanya niliweke boksi zima kando na kununua toleo jingine.

Alama ikiwa ya juu juu, kama iliyobonyezwa kwa kucha, bastola ndiyo ya kuchunguzwa. Sababu ninayoikuta kuliko zote ni mafuta. Mtu ameipenda bastola yake, ameinyunyizia mafuta mpaka kwenye tundu ambamo pini inapita. Mafuta yamekusanya masizi, yamekuwa ugoro, pini inatembea kama mtu kwenye matope. Tundu hilo huachwa kavu. Na mafuta hayo hayo yakitiririka kwenye risasi iliyo chemba yanaweza kupenya kwenye fataki na kuiua. Risasi za kujilinda za viwanda vizuri zimezibwa kwa rangi maalumu pembeni ya fataki kuzuia unyevu, ila kuziba si kinga ya kuogeshwa.

Ikiwa pini ni safi na bado alama ni hafifu, angalia kama slaidi ilikuwa imefunga kabisa, na kama umebadilisha springi ya kifyatulio ili kiwe laini. Springi laini ni ya mashindano. Kwenye bastola ya kujilinda, rudisha ile ya kiwandani.

Sasa kuna mlio mwingine ambao natamani kila msomaji aukariri: "pu" badala ya "pa". Teke dogo, sauti ya kifuniko cha soda, moshi kidogo. Simama hapo hapo. Huenda kichwa cha risasi kimebaki ndani ya mtutu, na risasi inayofuata itakutana nacho. Toa magazini, hakikisha chemba ni tupu, fungua bastola, tazama mtutu dhidi ya mwanga kutokea upande wa chemba. Wengi wamefundishwa kugonga kitako cha magazini, kuvuta slaidi na kuendelea kupiga. Baada ya "tik", kwenye hatari ya kweli, hayo ni sawa. Baada ya "pu", hapana.

Dalili: ganda limesimama wima kwenye dirisha la slaidi

Linasimama kama bomba la moshi. Slaidi haikurudi nyuma kwa nguvu ya kutosha kulitupa. Risasi za mazoezi za greini 115 (greini ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi) zilizojazwa kwa upole, ndani ya bastola ndogo yenye springi ngumu, hufanya hivi. Mkono uliolegea pia. Bastola inahitaji ukuta wa kusukumana nao, na ukuta huo ni kifundo chako cha mkono.

Mpe mtu mwenye mkono imara apige magazini moja. Ganda likiruka vizuri, kazi iko kwenye kushika. Likiendelea kusimama, panda kwenye risasi yenye nguvu zaidi, greini 124 kwa mfano, na safisha kulabu inayong'oa ganda. Ujaribu pia kwa mkono mmoja, wa kulia kisha wa kushoto, maana siku ya shida mkono mwingine unaweza kuwa umembeba mtoto. Risasi inayokwama ukiipiga kwa mkono mmoja siivai, hata ikiwa inapita kwa miwili.

Slaidi ikikataa kubaki wazi baada ya risasi ya mwisho, tazama kwanza dole gumba lako limelala wapi. Kwa bastola ndogo, tisa kwa kumi limelala juu ya kitasa cha slaidi.

Dalili: umenunua "mm 9" na haiingii, au inaingia ikilegea

Majina yamechanganywa miaka mingi. 9 mm Luger, 9 mm Parabellum na 9x19 ni kitu kimoja, kile alichokibuni Georg Luger mwanzoni mwa karne ya 20. 9 mm Kurz, 9 mm Corto, 9x17 na .380 ACP ni kitu kimoja kingine, kifupi, cha John Browning wa mwaka 1908. 9x18 Makarov ni cha tatu, na kichwa chake ni kinene kidogo kuliko vyote viwili. Soma maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu wako, kisha usome yale yaliyopigwa kwenye kitako cha ganda. Yasipolingana, boksi lirudi dukani. Alama ya +P nayo isomwe: bastola nyingi ndogo za sasa zinairuhusu, nyingine mtengenezaji anaikataa wazi kwenye kitabu. +P+ haina kipimo cha viwanda kilichokubaliwa, kwa hiyo kila kiwanda kinaweza kumaanisha chake. Bastola ndogo sioni inachopata huko isipokuwa teke na mwali.

Dalili: zinafyatuka zote, lakini risasi haipanuki, au haifiki

Hili hulioni uwanjani kwenye karatasi, na ndiyo sababu linapuuzwa. Risasi ya tundu imekusudiwa kufunguka kama ua inapoingia kwenye kitu chenye majimaji, ili ipunguze mwendo na ibaki humo. Inahitaji kasi. Mtutu mfupi unaipunguza kasi.

Tarehe 11 Aprili 1986, huko Miami, maofisa wa FBI walipambana na majambazi wawili wa benki. Maofisa wawili, Benjamin Grogan na Jerry Dove, waliuawa. Mmoja wa majambazi alikuwa amepigwa mapema kwa risasi ya mm 9 ya greini 115 iliyopita kwenye mkono, ikaingia kifuani, ikapanuka ilivyotakiwa, na ikaishia karibu na moyo bila kuufikia. Akaendelea kupigana. Baada ya hapo FBI waliweka kipimo kinachotumika mpaka leo: ndani ya jelatini ya asilimia 10, ute mgumu ulioandaliwa kwa kipimo maalumu kuiga nyama ya mwili, risasi ifike angalau inchi 12 na isizidi 18, takribani sentimita 30 hadi 46. Hujaribiwa ikiwa peke yake, kupitia nguo nzito, ubao wa ukutani, plaiwudi, bati na kioo cha gari. Inchi 12 huonekana nyingi mpaka ukumbuke kwamba mtu hasimami kama picha. Mkono unaweza kuwa mbele ya kifua.

Kwa hiyo ukitafuta matokeo ya majaribio, tafuta yaliyopigwa kwa mtutu wa urefu wa wako, na kupitia kitambaa. Tundu likijaa pamba, risasi inageuka kuwa ya duara. Hapo hupita moja kwa moja: risasi ya mm 9 ya mazoezi inaweza kuvuka sentimita 60 za jelatini. Speer wana Gold Dot iliyotengenezwa kwa ajili ya mitutu mifupi. HST ya greini 124 na ya 147 hufanya vizuri kwenye mitutu ya inchi 3. Kwa mm 9 ya inchi 3, mimi huanzia 124 au 147. Ya 147 ni nzito na ya polepole, haitegemei sana kasi, na mwali wake usiku mara nyingi ni mdogo.

Kwa .380 mambo ni magumu zaidi. Nguvu ni chache, na zilizopo zinagombaniwa: ikipanuka vizuri, inaishia mapema, isipopanuka, inafika. Wapo walimu wanaochagua ya kichwa bapa kisichopanuka kwa sababu hiyo, na siwabishii. Kama mkono wako unaweza kuihimili mm 9 ya umbo lile lile, chukua mm 9.

Na ukuta. Wengi wetu tunaishi fleti. Kuta za ndani ni mbao nyembamba na vibao vya jasi, na risasi yoyote ya bastola inayofikia kipimo cha FBI itavuka zaidi ya ukuta mmoja. Ya mazoezi itavuka zaidi, na ya tundu, tundu likijaa jasi, huenda isipanuke tena. Usiku mmoja ukiwa na utulivu, simama pale unapofikiri ungesimama, uulize kitanda cha mtoto kiko nyuma ya ukuta upi, na jirani analala upande gani. Hilo halitatuliwi na boksi lolote la dukani.

Dalili: risasi mpya inapiga juu au chini ya ile uliyoizoea

Si kosa. Greini 115 na greini 147 hutoka kwa mwendo tofauti, nazo hutua mahali tofauti. Katika mita 7 tofauti ni ndogo, katika 20 inaonekana. Piga tano tano kwenye karatasi moja, utie alama. Tafuta risasi ya mazoezi yenye uzito sawa na ya kujilinda, mkono usijifunze kitu kimoja na kuvaa kingine.

Kujaribu bila kufilisika

Boksi la 20 za kujilinda huweza kuzidi bei ya 50 za mazoezi, najua. Utaratibu wangu ni huu: kwanza risasi 200 za mazoezi bila kukwama, ili kuithibitisha bastola. Kisha 50 za kujilinda, zikipita kwenye kila magazini nitakayovaa, zikiwemo za mkono mmoja, na magazini moja bastola ikiwa chafu bila kusafishwa. Ikikwama hata moja kwa sababu ya risasi, naanza tena na aina nyingine. Zikipita, nanunua maboksi ya toleo lile lile na kuandika tarehe juu ya kifuniko. Risasi za kiunoni hubadilishwa kila mwaka. Hapa Texas jasho la Julai na joto la gari lililofungwa ni vita. Yenye kutu ya kijani kwenye ganda haingojei mwaka.

Kijana wa Kigoma alirudi wiki mbili baadaye na sanduku la kufuli, maboksi matatu ya greini 124, na kielelezo chake amekifunga kwa utepe mwekundu kisichanganyike. Alipiga 50, tano kati yake kwa mkono wa kushoto, na slaidi ilifunga kila mara bila kiganja. Ile risasi fupi tuliikabidhi kwa msimamizi wa uwanja, akaitia kwenye ndoo ya risasi mbovu.